Tujifunze kuuliza kabla ya kupiga makofi

Na Mwandishi Wetu

KILA msimu wa uchaguzi unapokaribia, vikundi vya akina mama hupata wageni wengi. Kikundi cha kufa na kuzikana, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kikundi cha kaswida na kile cha upishi wa shughuli, vyote hukumbukwa. Mgombea hufika na wapambe wake, hugawa khanga, fulana na nauli, kisha huomba jambo moja tu: akina mama wajitokeze kwa wingi siku ya mkutano wa hadhara, waimbe na washangilie. Ni mara chache mgeni huyo huwauliza wenyeji wake wana maoni gani juu ya zahanati isiyo na dawa, juu ya bei ya mbegu, au juu ya ardhi ya kijiji iliyopimwa bila wao kuarifiwa.

Hali hii haiwahusu akina mama peke yao. Vijana wa bodaboda hujaziwa mafuta ili wasindikize msafara, na wazee hupewa viti vya mbele ili waonekane. Makundi yote hayo huombwa sauti, lakini hayaombwi rai. Uchaguzi ukishapita, wageni huondoka, khanga huchakaa, na mambo yaliyokuwa yakiwasumbua wenyeji hubaki palepale.

Wapo wanaosema kwamba chanzo cha hayo ni woga, na wapo wanaosema ni ukosefu wa elimu ya juu. Makala haya yanaona vingine. Kufikiri mwenyewe katika mambo ya siasa na uongozi hakutegemei ujasiri peke yake, wala shahada ya chuo kikuu. Ni stadi, kama ulivyo ushonaji au useremala. Hufunzwa, hufanyiwa mazoezi, na asiye nayo hulazimika kuazima fikra za yule aliye nayo. Tena stadi hiyo, kwa sehemu kubwa, imo tayari ndani ya nyumba zetu na vikundi vyetu. Kilichokosekana ni kuitambua na kuivusha kutoka jikoni na kibarazani hadi kwenye mikutano inayoamua mambo yetu.

Maana ya kufikiri mwenyewe

Kabla ya kwenda mbali, ni vema tukaelewana juu ya neno lenyewe. Kuna wanaodhani kwamba mwenye fikra huru ni yule anayepinga kila lisemwalo na wakubwa. Sivyo. Anayepinga kila kitu naye anafuata mkumbo, isipokuwa tu ameingia katika mkumbo wa upande wa pili. Mwenye kufikiri mwenyewe anaweza kukubaliana na serikali, anaweza kukubaliana na wapinzani wake, na anaweza asikubaliane na yeyote kati yao. Alama yake ni kwamba katika hali zote hizo anaweza kueleza kwa nini.

Yako maswali matatu ambayo mtu yeyote anaweza kujizoeza nayo. La kwanza: jambo hili nimelijuaje? Je, nimeliona, nimelisoma katika waraka, au nimetumiwa ujumbe wa simu ambao hata aliyeutuma hajui ulikotoka? La pili: anayenieleza atapata nini nikimwamini? Swali hili halimaanishi kwamba kila mwenye maslahi ni mwongo. Muuza samaki ana maslahi, na huenda samaki wake ni mzuri, lakini mnunuzi mwerevu hufunua shavu la samaki kwanza. La tatu, ambalo ndilo gumu kuliko yote: ni jambo gani likithibitika nitakuwa tayari kubadili msimamo wangu? Asiye na jibu la swali hilo la tatu bado hajafikiri. Amechagua upande tu.

Bibi Titi kabla ya jukwaa

Historia ya nchi yetu ina mfano mkubwa wa jambo hili, nao ni maisha ya Bibi Titi Mohamed. Wengi wetu tunalifahamu jina lake kwa sababu ya barabara kubwa iliyopo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Wachache zaidi wanafahamu alikuwa nani kabla ya kuwa maarufu, na hapo ndipo lilipo somo letu.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakuridhia binti yake aende shule. Ni baada ya baba huyo kufariki ndipo mama yake alipompeleka, naye akasoma miaka minne tu ya elimu ya msingi. Aliolewa akiwa binti mdogo, kama ilivyokuwa desturi ya zama zake. Hakujua Kiingereza cha ofisini wala hakuwa na kazi serikalini. Alichokuwa nacho ni sauti na kundi. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la ngoma lililoitwa Bomba, moja kati ya makundi mengi ya wanawake wa mjini yaliyokuwa yakicheza ngoma na kuimba katika harusi na sherehe.

Mtu wa mbali angeweza kuyaona makundi yale kuwa ni starehe tu. Lakini tuyatazame kwa jicho la mtu anayejua kazi ya uongozi. Kundi la ngoma lilikuwa na mkubwa wake na wasaidizi wake. Lilikuwa na michango, na michango hiyo ilikuwa na mtu wa kuitunza na kuitolea hesabu. Wanachama walishona sare, jambo lililohitaji makubaliano juu ya kitambaa, bei na siku ya kulipa. Walipelekeana habari nyumba kwa nyumba, walihudhuria misiba na harusi za wenzao, na walijua nani anaishi wapi. Aidha, kundi lilikusanya wanawake wa makabila mbalimbali waliohamia mjini, wakazungumza lugha moja ya Kiswahili na kuzoea kufanya shauri pamoja. Aliyeongoza kundi la namna hiyo alikuwa amejifunza kuongoza watu, ingawa hakuna aliyempa cheti.

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Juni 1955, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alifika Dar es Salaam na kuwauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Swali hilo liliwapata viongozi wale bila matayarisho, kwani sehemu ya wanawake ilikuwa bado haijasimama. Bibi Titi, aliyekuwa tayari amekata kadi pamoja na mumewe, alitafutwa akakabidhiwa kazi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 29 na hakuwa na uzoefu wowote wa siasa.

Alifanya nini? Hakuanza kwa kutunga nadharia. Aliwaendea watu aliowajua, yaani viongozi wa makundi ya ngoma, akazungumza nao. Viongozi wale wakawaita wanachama wao. Tarehe 8 Julai 1955 ukafanyika mkutano wa kwanza wa wanawake katika ukumbi wa Arnautoglu, ukahudhuriwa na wanawake wapatao 400. Kufikia mwezi Oktoba mwaka huohuo, wanawake walioandikishwa walikuwa wamefika 5,000. Akiwa na wenzake kama Bibi Tatu binti Mzee, alizunguka kuhamasisha, na baadaye akasafiri majimboni kuhutubia mikutano mikubwa kwa Kiswahili fasaha kilichowagusa watu.

Tuzingatie vizuri. Wasomi wa chama kile walikuwa na elimu, Kiingereza na hoja za kupeleka Umoja wa Mataifa. Lakini ujuzi wa kuwakusanya watu, kuwaaminisha na kuwaweka pamoja ulikuwa mikononi mwa wanawake waliosoma miaka michache au hawakusoma kabisa. Mwaka wa kwanza wa TANU ulipita bila sehemu ya wanawake kusimama. Stadi zile zilipoingizwa katika siasa, miezi mitatu ilitosha kuandikisha maelfu. Akina mama wale hawakusubiri wafundishwe uongozi. Walichukua waliokuwa nao, wakautumia kwa jambo kubwa zaidi.

Siku aliposema hapana

Sehemu ya pili ya maisha yake husimuliwa kwa nadra, nayo ina mafunzo zaidi kwa anayetaka kujua fikra huru ina gharama gani.

Baada ya uhuru Bibi Titi alikuwa mbunge na naibu katika wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yaani UWT, ulipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Alikuwa na kila sababu ya kukubali kila litakalosemwa na chama alichokijenga kwa miguu yake. Kisha likaja Azimio la Arusha, mwezi Februari 1967, likiwa na miiko ya uongozi. Miongoni mwa miiko hiyo, kiongozi hakuruhusiwa kuwa na mishahara miwili au zaidi, kuwa na hisa katika kampuni, wala kuwa na nyumba ya kupangisha.

Bibi Titi hakukubaliana na kipengele cha nyumba. Wapo akina mama wa mjini ambao nyumba ya kupangisha ndiyo iliyokuwa akiba yao ya uzeeni, na yeye mwenyewe alikuwa nazo. Angeweza kuandikisha nyumba zake kwa jina la ndugu, akaendelea kukaa mbele na kupiga makofi. Badala yake alijiuzulu nyadhifa zake.

Msomaji anaweza kuwa na maoni yake juu ya Azimio la Arusha. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba miiko ile ilikuwa kinga ya taifa dhidi ya viongozi wenye tamaa, na hoja yao ina uzito. Wapo pia wanaoona kwamba iliwabana watu wa kipato kidogo waliojijenga kwa jasho lao. Mtu anaweza kumwona Bibi Titi kuwa alikosea katika hoja yenyewe, na bado akamheshimu kwa namna alivyoishughulikia. Alisema wazi kwamba hakubali, akatoa sababu, akaachia cheo.

Mwaka 1969 alikamatwa, na mwaka 1970 akafikishwa mahakamani pamoja na wengine katika kesi ya uhaini. Alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa huru mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Aliishi kwa ukimya kwa miaka mingi. Taifa lilipotimiza miaka 30 ya uhuru, mwaka 1991, jina lake lilianza kutajwa tena kwa heshima. Alifariki dunia tarehe 5 Novemba 2000 huko Johannesburg, Afrika Kusini, akazikwa nyumbani kama mmoja wa wapigania uhuru wakubwa wa nchi hii.

Chuo kilichomo ndani ya kikundi

Tukirejea katika zama zetu, makundi ya ngoma yamepungua, lakini vikundi vya akina mama havijapungua. Karibu kila mtaa na kila kijiji kina kikundi cha kuweka na kukopeshana. Ndani ya kikundi hicho mna katiba ndogo, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mna sanduku lenye kufuli zaidi ya moja, na kila ufunguo hushikwa na mtu wake. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Mkopo hauidhinishwi na mtu mmoja, na mwanachama akichelewa kulipa, sababu husikilizwa kabla ya faini kutozwa.

Hebu tufikiri. Mama ambaye hawezi kukubali sanduku la kikundi lifunguliwe na mtu mmoja, kwa nini akubali mfuko wa kijiji ufunguliwe na mtu mmoja? Mama anayeijua akiba yake hadi shilingi ya mwisho, kwa nini anyamaze taarifa ya mapato inaposomwa haraka haraka na kufungwa? Ujuzi anao. Ameambiwa tu kwamba mambo yale ni ya siasa, na kwamba siasa ina wenyewe.

Tuchukue mfano wa mikopo ya halmashauri. Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, jambo lenye umuhimu wa pekee kwa familia nyingi zinazosoma gazeti hili. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Sasa, mgombea anapofika katika kikundi na kusema kwamba yeye ndiye atakayewaletea mkopo huo, asiyejua sheria humshukuru kwa kupiga vigelegele. Anayejua humuuliza kwa adabu: mkopo huu upo kisheria, je, wewe utafanya nini ili maombi yetu yasikae mezani miezi sita? Swali hilo moja hubadili mazungumzo yote. Mgombea hageuki kuwa mfadhili, na akina mama hawageuki kuwa waombaji.

Mkutano wa kijiji ni mali ya nani?

Watu wengi wakisikia neno siasa hufikiria Bunge na Ikulu. Lakini siasa iliyo karibu nasi kuliko zote ni ile ya kijiji na mtaa, na huko ndiko mtu wa kawaida anakoweza kuitumia akili yake na kuona matokeo.

Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982 inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa chombo chenye mamlaka ya juu katika kijiji. Wajumbe wake si wateule wachache. Ni kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwanamume kwa mwanamke, tajiri kwa maskini. Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, huchaguliwa na wananchi na hufanya kazi kwa niaba yao. Mkutano Mkuu hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi hutakiwa kusomwa mbele yake.

Kwa upande wa ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Maana yake ni kwamba shamba la kijiji likitolewa kwa mwekezaji na wewe hukuitwa katika mkutano, lipo jambo la kuuliza. Na kama uliitwa ukaenda, ukasaini daftari la mahudhurio na kurudi nyumbani bila kusikiliza kilichoamuliwa, saini yako inaweza kuwa imetumika kukubali usilolijua.

Haki hizi haziwezi kujilinda zenyewe. Mkutano usiohudhuriwa huahirishwa. Mkutano unaohudhuriwa na watu wasiouliza hugeuka kuwa mahali pa kusikiliza matangazo. Uchaguzi wa viongozi wa vijiji, mitaa na vitongoji hufanyika kila baada ya miaka mitano, na wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Katikati ya chaguzi mbili kuna nafasi ya mikutano mikuu isiyopungua 20. Anayejitokeza siku ya kura peke yake amejinyima nafasi hizo zote.

Namna ya kusoma taarifa ya fedha

Hapa ndipo stadi inapohitajika zaidi, nayo ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Inatosha kujua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kijiji kina kaya 420, na kila kaya imetakiwa kuchangia shilingi 10,000 kwa ujenzi wa zahanati. Katika mkutano inasomwa taarifa kwamba michango iliyokusanywa ni shilingi 2,900,000. Matumizi yake ni mifuko 120 ya saruji kwa shilingi 18,000 kila mmoja, mchanga na kokoto shilingi 600,000, na usafiri shilingi 340,000.

Mwenye kalamu ataanza kwa kuzidisha: kaya 420 mara 10,000 ni shilingi 4,200,000. Kilichosomwa ni 2,900,000, yaani kaya 290. Swali la kwanza limepatikana: kaya 130 zilizobaki hazijatoa, zimesamehewa, au zimetoa na hazikuandikwa? Kisha atakokotoa saruji: mifuko 120 mara 18,000 ni shilingi 2,160,000. Akijumlisha na mchanga, kokoto na usafiri anapata shilingi 3,100,000. Matumizi yamezidi mapato kwa shilingi 200,000. Swali la pili: pengo hilo lilizibwa na fedha gani, na ni deni la nani? Halafu liko swali la tatu ambalo halihitaji hesabu: katika ile mifuko 120, mingapi imeshatumika na iliyobaki iko stoo ya nani?

Tutambue kwamba hakuna swali hata moja kati ya hayo linalomtuhumu mtu. Huenda majibu yote ni mazuri. Huenda wazee wasiojiweza walisamehewa, na mwenye duka alikopesha. Kiongozi mwaminifu hufurahi akiulizwa hivyo, kwa sababu majibu yake humsafisha mbele ya watu. Ndiyo maana namna ya kuuliza ni sehemu ya stadi. Simama, taja jina lako, uliza jambo moja kwa wakati, taja tarakimu uliyoisikia, na uombe ufafanuzi. Usianze na neno wizi. Ukimtuhumu mtu bila ushahidi, mkutano utageuka kuwa wa kumtetea au kumshambulia yeye, na hesabu itasahauliwa. Jibu likitolewa, omba liandikwe katika muhtasari ili mkutano ujao uanzie hapo.

Ni vema pia kutokwenda peke yako. Wanawake watatu au wanne waliokubaliana kuandika tarakimu zinaposomwa, kila mmoja na daftari lake, huweza kulinganisha walichokisikia. Kama mmoja alikosea, mwenzake atamsahihisha kabla hajasimama.

Darasa la kwanza ni nyumbani

Stadi hii haianzi mkutanoni. Huanzia nyumbani, tena mapema. Mtoto aliyezoea kuambiwa "nyamaza, wakubwa wanazungumza" kila anapouliza sababu, atakua akiamini kwamba kuuliza ni utovu wa adabu. Akifika umri wa kupiga kura, atatafuta mkubwa wa kumwambia la kufanya. Wahenga walikwisha kutwambia kwamba kuuliza si ujinga. Kazi ya mzazi ni kumfundisha mwanawe kuuliza kwa heshima, bila kumnyang'anya swali lenyewe.

Yapo mazoezi madogo yasiyogharimu kitu. Mtoto wa darasa la tano akitumwa dukani, apewe karatasi aandike alichonunua na chenji aliyorudi nayo. Familia ikitaka kununua kitu kikubwa, watoto wakubwa wasikilizishwe mjadala na waombwe maoni yao pamoja na sababu. Taarifa ya habari ikisikika redioni, baba au mama aulize: huyu amesema nini, na amejuaje? Ujumbe wa kutisha ukiingia katika simu, usisambazwe mpaka mtu mmoja wa nyumba hiyo atafute ulikotoka. Mtoto aliyelelewa hivyo hatahitaji semina ya uraia akiwa mtu mzima.

Liko pia suala la mume na mke. Katika baadhi ya nyumba, kura ya mke huhesabiwa kuwa ni nyongeza ya kura ya mume, na kijana huambiwa na baba yake amchague nani. Sheria imeifanya kura kuwa siri ya mpiga kura mwenyewe, na haikumtoa mke wala kijana katika siri hiyo. Wanandoa wanaweza kujadiliana, kushauriana na hata kutofautiana, kisha wakala chakula kimoja. Nyumba ambayo watu wake wanaweza kutofautiana juu ya mgombea bila kununiana imejifunza ustaarabu ambao baadhi ya vyama havijaufikia. Mume anayeogopa rai ya mkewe ajiulize kama anachokitaka ni kweli amani ya nyumba, au ni ukimya tu.

Kwa anayetaka kuongoza

Yote yaliyosemwa hapa humhusu pia yule mwenye nia ya kuongoza, awe mama wa kikundi, kijana wa mtaa au mjumbe wa kamati ya shule. Cheo hakimpi mtu ujuzi asiokuwa nao. Humweka mahali ambapo upungufu wake utaonekana na wengi. Anayetaka kuwa mweka hazina ajifunze kuandika daftari la fedha kabla hajaomba nafasi hiyo. Anayetaka uenyekiti ajizoeze kuendesha kikao kwa ajenda, kumpa nafasi asiyesema sana, na kumaliza kwa wakati. Anayetaka ukatibu ajifunze kuandika muhtasari ambao hata asiyekuwapo atauelewa. Mafunzo haya hupatikana kwa kukaa karibu na anayeyajua, kumtazama, kumuuliza na kuomba kusahihishwa.

Na akishapata nafasi, kipimo chake ni hiki: je, watu anaowaongoza wanazidi kuwa hodari wa kumhoji, au wanazidi kuwa hodari wa kumsifu? Kiongozi anayezungukwa na sifa hupoteza watu wa kumwonya, na siku akipotoka hakuna atakayemwambia.

Vikundi vyetu vitaendelea kupata wageni, na hakuna ubaya kumkaribisha mgeni, kumpa chai na kumsikiliza. Akimaliza kusema, mwenyekiti wa kikundi atoe nafasi ya maswali matatu kabla ya kaswida, na maswali hayo yaandaliwe na wanachama wenyewe siku moja kabla hajafika.